Nani Kawaambia Dakika Arobaini na Moja

...na hivyo viatu navyo ni vipya, vinalia kila akikunja kidole, mtu anayekuja kutetea mradi uliokataliwa hanunui viatu, anakuja na vile vyake vya siku zote na uso wa msiba kama nilivyokuja mimi, lakini shemeji yangu kaketi hapa pembeni yangu kwenye benchi kama mtu anayengoja kupigwa picha, shati limenyooshwa, karatasi zake kazipanga mapajani, na ananiambia jambo, midomo inakwenda, "...kwa sababu inapumzika dakika ishirini na tisa, shemeji, unaona, na sisi tunachohitaji ni...", ndiyo, namwambia, ndiyo, nimekusikia, na sijamsikia, kwa sababu macho yangu yako kwenye ule mlango wa mbao mwisho wa korido, ule wenye kibao cha Chumba cha Mikutano, na nyuma yake wamekaa watu saba wa kamati ya tathmini, na saa ya ukutani inasema saa nne na dakika sita, na barua ya wito ilisema saa nne kamili asubuhi, sasa hizo dakika sita wanafanya nini, wanachekea nini, maana nimesikia kicheko, kimoja, kizito, cha mwanamume, ni cha mwenyekiti kile, nakijua, na mtu hacheki peke yake, anachekeshwa, na anayemchekesha lazima ana jambo la kusema juu yetu... juu yangu. Nitulie. Nimekuja kukata rufaa, sikuja kuhesabu vicheko.

Barua ya kutukataa ilikuja wiki tano zilizopita, ukurasa mmoja na nusu, kwa kazi ya miaka minne ukurasa mmoja na nusu, kamati imepitia andiko lenu, kamati inathamini juhudi zenu, na mtu akianza kukuthamini ujue anatafuta mlango wa kukutolea, kamati inasikitika, na katikati, mstari wa kumi na nne, nimeuhifadhi kama sala, maoni ya mhakiki wa pili, "waombaji hawajaonyesha namna watakavyoepuka mtetemo wa ardhi unaojirudia kila dakika arobaini na moja". Arobaini na moja. Hakusema arobaini, hakusema "kila baada ya muda", alisema arobaini na moja kama mtu aliyekuwa amekaa pale na saa mkononi. Nilikuwa nimesimama jikoni nilipousoma mstari ule, sufuria inachemka, nikazima moto, nikakaa kwenye kiti cha mama na mama akaniuliza nani kafa, nikamwambia hakuna, mama, hakuna aliyekufa, na moyoni nilijua kuna kitu kimekufa, kwa sababu namba hiyo haimo kwenye maelezo ya mradi, niliyaandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu, maneno yote elfu kumi na mbili, na namba hiyo sikuiweka, na waliokuwa wakiijua duniani ni wawili, mimi na huyu mwenye viatu vipya.

Tulikuwa naye kwenye lile handaki la mgodi wa zamani siku nne, mita mia mbili chini ya ardhi, tukijaribu kama patatufaa, kwa sababu kifaa chetu kinataka kimya kuliko mgonjwa, na ukikiona utacheka, ni kijiti cha chuma kilichoning'inizwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele ndani ya mtungi ulionyonywa hewa, ukikisogezea bonge la madini ya risasi kijiti kinageuka, kinageuka kidogo mno, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mbali, na katika kule kugeuka ndimo unamopima vitu viwili vinavutana kiasi gani. Kwamba vitu vinavutana kila mwanafunzi anajua. Lakini vikikaribiana sana, vikaribiane hata karatasi isipite katikati, je, sheria ni ileile, au huko karibu kuna jambo jingine ambalo kwa mbali halionekani? Hilo ndilo swali letu, ndilo nililolishika tangu sijaota mvi hata moja, na kwa swali hilo tuliomba ruhusa ya handaki na miezi sita. Siku ya tatu mstari kwenye kompyuta ukaota nundu. Ukatulia, ukaota nundu tena. Shemeji akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na daftari lake, akahesabu, hasemi, akahesabu tena, kisha akasema, "Arobaini na moja kila mara. Hii ni pampu, shemeji. Ule mradi wa maji, kilomita tatu kutoka hapa." Nami nikamwambia maneno ambayo sitaki kuyakumbuka lakini yanakuja tu, nikamwambia hilo tusiwape, ni kuwakatia fimbo ya kutuchapia, tukishapewa ruhusa tutalishughulikia wenyewe. Akanyamaza, yeye hunyamaza mpaka unadhani kasinzia, kisha akasema, "Sawa, nitaliweka mahali pake." Nami nikaelewa kabatini.

Nilimfikiria mlinzi wa mgodi kwanza, Mungu anisamehe, mzee wa watu anavaa saa mbili mkono mmoja na zote zimesimama, nikajiuliza kama zile saa si za bure, nikamfikiria dereva aliyetubebea mitungi, nikafikiria kompyuta yangu, nikabadilisha neno la siri mara tatu katika wiki moja mpaka nikalisahau, nikafungiwa nje ya kazi yangu mwenyewe. Kisha fikra ikakaa pale ilipotaka kukaa tangu mwanzo. Kwa sababu nilimwona. Nilimwona kwenye maegesho ya magari, amesimama na mwenyekiti, huyu mwenyekiti tunayemwita Bwana Kwa Ujumla kwa vile hawezi kuomba hata chumvi bila kusema "kwa ujumla", mkono wa mwenyekiti uko begani kwake, begani kwa shemeji yangu, na mwenyekiti huyohuyo ana mwanafunzi wake wa zamani anayelitaka handaki lilelile kwa mradi wake wa mionzi, hilo si siri, hata wafagiaji wa jengo hili wanalijua. Nikamuuliza siku ileile, mlikuwa mnaongea nini na Kwa Ujumla, akasema, "Ananiuliza habari za mgongo wangu." Mgongo! Mwenyekiti wa kamati ya tathmini, na kazi zote alizonazo, anauliza habari za mgongo. Na simu. Zamani simu ikilia anapokea palepale mezani, sasa anatoka nje, anakwenda kusimama kule kwenye matangi ya maji, akirudi hasemi ni nani. Na ile bahasha ya taasisi ya vipimo niliyoiona kwenye mkoba wake, yenye nembo, mtu haandikiwi na taasisi ya vipimo ili asalimiwe, anaandikiwa apewe kazi, na kazi hutolewa kwa kubadilishana na kitu...

"Unanisikia, shemeji?" Nakusikia. "Maana ukibadilisha tu saa za kupima..." Nakusikia, bwana. Kumbe simsikii, mlango wa katibu muhtasi umefunguka, anakuja na kandambili zake, viatu vyake virefu viko chini ya meza anavivaa wakija wageni wakubwa, sisi si wageni wakubwa, kandambili zinatutosha, anakuja na karatasi, "Bado kidogo, wanamalizia jambo," anasema, jambo gani, hasemi, ananipa karatasi moja, "Hii ni ajenda yenu ya leo, mama," na shemeji anainua kiganja, anasema taratibu, "Mimi ninayo." Anayo! Anayo ajenda kabla ya kugawiwa, kaipata wapi, kapewa na nani, na katibu hakushangaa, kaitikia kwa kichwa tu kama watu wanaojuana, akarudi zake, chap chap chap, akafunga mlango. Naishusha karatasi mapajani, nasoma. Namba moja, kufungua kikao. Namba mbili, malalamiko dhidi ya mtafiti mwenza. Namba tatu, rufaa ya waombaji.

Namba mbili ni mimi. Namba mbili ni barua yangu. Siku kumi na moja zilizopita niliketi nikaandika kurasa tisa, mimi ambaye nimetumia wiki tatu kuandika ukurasa mmoja kuhusu uzi, kurasa tisa zilinitoka kabla chai haijapoa, nikaeleza yote, maegesho, simu, bahasha, mgongo, nikaandika kwamba taarifa za ndani za mradi zimetolewa kwa mhakiki na mtafiti mwenza kwa manufaa yake binafsi, nikaomba jina lake liondolewe na aingiapo maabara achunguzwe, nikaona haitoshi, nikaongeza kikulacho ki nguoni mwako, ndani ya barua ya ofisi, naona aibu kwa hilo peke yake, methali, kama mtoto anayeandika insha. Nikaipeleka kwa mkono wangu. Katibu akaipokea, akaigonga muhuri, akasema, "Sawa mama, utaratibu utafuatwa," na mimi sikuuliza utaratibu gani, nilifurahia sauti ya ule muhuri. Sasa wamo humo wanaisoma, ndiyo maana ya dakika sita, ndiyo... na huyu hajui, kaketi na mapaja yake yaliyojaa karatasi, hajui kwamba mlango ukifunguka tu ataingia akiwa mwizi. Na astahili. Kama ni kweli astahili. Mbona nasema kama.

Ni shemeji yangu. Mdogo wangu alikuwa mke wake miaka kumi na moja, mwalimu wa lugha wa sekondari, aliyeingia maabara mara ya kwanza akauliza hiki kijiti kinakula nini, na ndiye aliyetusoma sisi wawili, kila tulichokiandika, maelezo yangu na viambatisho vya mumewe, mume wake haandiki maelezo, anaandika viambatisho, kurasa na kurasa za vipimo kwa maandishi madogo kama chawa, na mdogo wangu alikuwa akivisoma vyote na kalamu nyekundu, amelala kifudifudi sakafuni kwangu, miguu juu, "Dada, sentensi yako hii ina miguu mitatu, itaanguka", "Dada, mbona mume wangu anasema milimita na wewe unasema kidogo, semeni kitu kimoja nyie watu." Miaka sita sasa tangu tumzike. Alipoondoka sikuweza kufungua kiambatisho, nikifungua naona hakuna wekundu, kurasa zimekuwa safi kama shuka la hospitali, nikaacha kuvifungua, natia saini tu, mume wake anaviandika na mimi natia saini na hakuna anayevisoma. Na mama anasema huyu sasa ni mwanangu, anakuja kila Jumapili, juzi Jumapili alikuja, alikaa na mama akitengeneza redio yake iliyokwama kwenye idhaa moja, bisibisi mdomoni, na nilipopita akaniuliza bila kuinua kichwa, "Shemeji, umekisoma kiambatisho cha nne?" Nikajua ananitega. Nikamwangalia, nikasema nimesoma vyote, akasema "Haya", akaendelea na redio, na nikasimama ukumbini nafikiria kwa nini cha nne, kwa nini aulize leo, anataka kujua nini nimejua...

Kwa nini cha nne? Andiko lote hili hapa mapajani kwangu, kurasa themanini na sita zilizobanwa kwa chuma, nililichukua ili mwenyekiti akiniuliza niwe na ukurasa wa kumwonyesha, na naona vidole vinapekua, nilikuwa natafuta ukurasa wa kumi na tisa wa hoja yangu ya kwanza, kwamba mhakiki hakufuata vigezo, vidole vinapita kumi na tisa, vinapita arobaini, kiambatisho cha kwanza, cha pili, maandishi ya chawa, cha tatu, cha nne. Sabini. Sabini na moja. Kuna mchoro. Mstari na nundu. Nundu, kutulia, nundu, nauona mchoro huu nikiwa chini ya ardhi, nasikia maji yanadondoka, na chini yake ameandika, kwa lugha yake ile isiyo na pambo, "Mtetemo unajirudia kila dakika 41. Chanzo kinachodhaniwa: pampu ya maji, km 3. Tazama ukurasa unaofuata." Na kwenye pembe ya chini, kwa wino wa bluu, herufi mbili. Zangu. Saini yangu fupi. Nilizitia saini zote themanini na sita jioni moja nikiongea na simu, nikicheka, nakumbuka nilikuwa nacheka.

Mahali pake. Nitaliweka mahali pake. Mahali pa vipimo ni kwenye kiambatisho cha vipimo, kwingine wapi, mtu huyu tangu nimjue hajawahi kusema neno lenye matumbo mawili, aliliweka mahali pake na akanipa nitie saini na nikatia. Hakuna aliyewaambia. Mhakiki wa pili alifanya kitu kimoja tu ambacho mimi sikukifanya, alisoma. Korido imekuwa ndefu, mlango uko mbali. Mimi ndiye niliyewapa namba, kwa saini yangu, mimi na mkono wangu wa bluu, na kurasa tisa nimezipeleka zipigwe muhuri... Subiri. Ukurasa unaofuata. Nafunua sabini na mbili na hapo kuna jedwali, pampu inafanya kazi dakika kumi na mbili, inapumzika ishirini na tisa, uzi wetu unahitaji dakika saba kwa kila mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi, kwa hiyo pima pampu ikilala, acha pampu ikiamka, mizunguko minne katika kila mapumziko, miezi sita inakuwa tisa, kifaa hakibadiliki, handaki halibadiliki. Ndivyo alivyokuwa akiniambia. Tangu tumekaa hapa. Inapumzika dakika ishirini na tisa, shemeji, unaona. Jibu la kamati liko hapa tangu siku ya kwanza, limekaa ukurasa mmoja baada ya swali lao, na mhakiki naye aliishia sabini na moja... au alifunua akaona akanyamaza, kwa ajili ya yule wa mionzi, hilo linawezekana, Kwa Ujumla simwondoi kwenye hesabu hata kidogo... acha, acha hilo sasa, unaanza tena. Jibu lipo na anayeweza kulieleza ni mmoja, na huyo mmoja nimeandika kwa mkono wangu kwamba aondolewe.

"Shemeji," nasema. "Naam." Sauti yangu inatoka kama ya mtu aliyeamshwa, nasema kuna barua, anasema ndiyo, nasema nimewaandikia kamati, kukuhusu wewe, nimesema wewe ndiye uliyewapa ile namba, na nimesema mengine, na wanaisoma sasa hivi humo ndani, na ninaposema namwangalia magoti, sithubutu uso, naona mikono yake inazigonga karatasi kingo zilingane, inazigonga tena zikiwa tayari zimelingana. "Najua," anasema. Unajua nini. "Walinipa nakala Ijumaa. Anayelalamikiwa hupewa nakala na ajenda. Ndio utaratibu." Ijumaa! Ijumaa, na Jumapili akaja, akala mezani kwangu, akashika bisibisi, akamcheka mama alipoiimbia redio, na ndani ya mfuko wake au ndani ya kichwa chake kulikuwa na kurasa zangu tisa. "Mbona hukuniambia?" "Nilikuuliza Jumapili. Ukaniangalia kama umenikuta na kuku wako." Kisha anasema, "Nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea jina. Ile ya mgongo, shemeji, mwenyekiti naye ana mgongo, tuna daktari mmoja, ndiye anayenipigia simu." Na bahasha? Siulizi. Mdomo umefunguka kuuliza bahasha na nimeufunga, kama ameomba kazi kwingine ana haki, ningekuwa yeye ningeomba kumi. "Mama anajua?" namuuliza badala yake. "Hajui. Hatasikia kwangu."

Nisamehe, nasema, na neno linasikika jepesi, kama kumrudishia mtu nyumba kwa kumpa ufunguo wakati nyumba imeungua. Anatikisa kichwa, si kwa hasira, anatikisa kama mtu anayekataa kiti. "Leo siwezi. Usiniombe leo." Sawa. "Lakini usikilize hii kabla hawajatuita, kwa sababu humo ndani nikiulizwa na wewe ukakaa kama hukuwahi kuiona, tumekwisha." Na anaweka kidole kwenye andiko langu, ukurasa sabini na mbili, ukucha wake una alama nyeusi ya bisibisi, anaanza mwanzo kabisa kama anamweleza mwanafunzi, pampu inawaka, ardhi inatetemeka, uzi unasokotwa, pampu inazimika, tunahesabu mizunguko minne, dakika ishirini na nane, inabaki moja ya akiba, pampu inawaka, na ninafuata, mstari kwa mstari, macho yananiuma kwa maandishi ya chawa na ninafuata, na kwenye mstari wa tano kitu kinanikwaruza. Rudia hapo, namwambia. Anarudia. Pampu inazimika, tunahesabu. "Palepale?" Palepale, anasema. "Uzi hautulii palepale. Umesukumwa dakika kumi na mbili, ukiacha kuusukuma bado unayumba. Mzunguko wa kwanza si wetu, ni wa pampu." Anatazama jedwali. Ananitazama mimi, mara ya kwanza tangu asubuhi ananitazama usoni, macho yake ni mekundu, sikuyaona, nimekaa naye benchi moja nikakagua viatu. "Wa kwanza unatupwa," anasema polepole. "Inabaki mitatu," nasema. "Mitatu mara saba, ishirini na moja katika arobaini na moja." "Nusu ya muda, na ziada kidogo." Tunahesabu pamoja, midomo tu, sisikii tena kinachosemwa nyuma ya mlango. "Basi si miezi tisa," anasema. Si tisa, mwaka. "Mwaka mzima," anasema, "watakataa." Labda watakataa, nasema, lakini watakuwa wamekataa kitu cha kweli. Nachukua kalamu, nakata tisa, naandika kumi na mbili, natia saini pembeni, nampa kalamu na yeye anatia yake, mkono wake umegusa wangu ukaondoka haraka.

Mlango bado umefungwa, nyuma yake mtu anakohoa, kiti kinaburuzwa, saa ya ukutani inasema saa nne na dakika kumi na tisa, na shemeji yangu ameinama anazikusanya karatasi zake, anasema chini chini, bila kunitazama, "Ukiingia, anza na barua. Usisubiri waisome wao. Halafu mimi nitaeleza uzi." Nitaanza na barua. "Simama useme." Nitasimama. Na zile hoja zangu tatu za rufaa, mhakiki hakufuata vigezo, mgongano wa maslahi, muda haukutosha, nazitafuta kichwani nazikuta zimekaa kimya kama watu waliokosea harusi, hakuna hata moja inayoinua mkono, natafuta sentensi ya kwanza, yenye miguu minne, isiyoanguka, waheshimiwa wajumbe, barua iliyo mbele yenu niliiandika nikiwa na uchungu... hapana, uchungu ni wangu, hauwahusu, waheshimiwa wajumbe, kumetokea kutoelewana... hapana, hakuna kilichotokea chenyewe, kuna aliyekitenda, waheshimiwa wajumbe, mwenzangu aliandika kila kitu na nilikitia saini, na namba ile mliipata kwangu, na nilimshtaki yeye kwa sababu... kwa sababu... kitasa kimetikisika, hakikuzunguka, mtu ameegemea tu, na mimi nimekwisha kusimama, andiko kifuani, waheshimiwa wajumbe, sikusoma.